Briozoa wa kipindi cha Jurasi: Jinsi kisukuku kinavyopewa jina

Gamba la chaza lililolala baharini miaka milioni 165 iliyopita huweza kuonekana tupu kwa macho. Likiwekwa chini ya hadubini, mara nyingi hubainika kuwa limefunikwa na vijibomba vya chokaa vilivyotambaa juu yake. Hayo ni mabaki ya briozoa, wanyama wa majini ambao jamaa zao wangali hai na hugandama kwenye mwani, makombe na mashua.

Briozoa huishi kwa jamii. Kila jamii huanzishwa na kiluwiluwi mmoja anayenata mahali pagumu, kisha wengine huchipuka kutoka kwake. Kila kijibomba kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja, ambaye wataalamu humwita zuidi, na aghalabu hakizidi milimita moja kwa urefu.

Hatua ya kwanza ya utambuzi ni kuhakikisha kwamba kisukuku si kitu kingine. Minyoo wa baharini nao hujenga mirija juu ya makombe, lakini mirija yao kwa kawaida ni mikubwa zaidi na haigawanyiki kwa mpangilio.

Hatua ya pili ni kutambua kundi. Briozoa wengi watambaao wa Jurasi ni wa kundi la saiklostomata, ambao vijibomba vyao vina mdomo wa duara. Kundi la keilostomata, lenye zuidi wanaofanana na visanduku, lilizuka mwishoni mwa kipindi hicho. Miongoni mwa wa mwanzo kabisa ni Pyriporopsis portlandensis wa Uingereza, aliyeelezwa mwaka 1973.

Kisha huja vipimo: urefu na upana wa zuidi, kipenyo cha mdomo, na namna jamii ilivyokua. Stomatopora hutambaa kwa mstari mmoja wa zuidi unaogawanyika mara mbili mbili. Pembe ya mgawanyiko huwa pana mwanzoni, kisha hupungua kadiri matawi yanavyoongezeka. Wengine husambaa kama utando au kipepeo cha mkono.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Tando nyingi hufanana mno. Kinachozitofautisha ni chumba cha kulelea viluwiluwi, yaani zuidi mmoja aliyevimba kuliko wenzake. Kikiwa kirefu kufuata mwelekeo wa ukuaji, jamii hiyo huwekwa katika jenasi ya Reptomultisparsa. Kikitanuka kwa upana na kukaribia umbo la pembetatu, huwekwa katika Hyporosopora. Lakini jamii nyingi zilikufa kabla ya kuunda chumba hicho, au chumba chenyewe kikavunjika. Ushahidi unaohitajika huwa umetoweka.

Mfano mashuhuri ni jina Berenicea. Lilitolewa mwaka 1821 na Jean Vincent Félix Lamouroux, profesa wa Caen, Ufaransa, aliyeeleza visukuku vya eneo la Normandy. Kwa zaidi ya karne moja, karibu kila utando usiojulikana ulitupwa ndani ya jina hilo, hata likawa kapu la kila kitu. Mkusanyiko wa Caen nao uliteketea mwaka 1944 mji huo uliposhambuliwa kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na wataalamu wakakosa kielelezo cha kulinganishia.

Suluhisho lililokubalika na wengi ni la uungwana wa kisayansi. Jamii isiyo na chumba cha uzazi huandikwa "Berenicea" ndani ya alama za kunukuu, ishara kwamba jina hilo linaeleza umbo tu, wala si ukoo. Pale kielelezo cha awali kinapopotea na spishi ikawa na utata, sheria za kimataifa za kuwapa wanyama majina huruhusu kingine kuteuliwa badala yake.

Si suala la majina matupu. Idadi ya spishi ndiyo hutumika kukadiria jinsi viumbe walivyoongezeka au kutoweka. Jina moja likibeba spishi kumi, hesabu hupungua. Spishi moja ikipewa majina kumi, huongezeka bila sababu. Ndiyo maana mtaalamu makini hupekua magamba mengi akitafuta uvimbe mmoja mdogo, na asipouona, husita kutia jina.