Kuketi Kimya na Utu Uzima

Keza ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika pembe ile ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima na migomba, mbali mno na bahari, na msomaji wa visiwani huenda jina la Ngara alilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, katika muda upatao saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Mahali paitwapo Benaco, palipokuwa patupu jana yake, pakawa mji. Kisha kambi zikaongezeka, za Wanyarwanda na za Warundi: Lumasi, Lukole, Kitali, na Keza yenyewe. Wengi wa waliovuka walikuwa watu wenye hofu tu. Lakini miongoni mwao walikuwamo waliouongoza uuaji, na mmoja wao ni Sylvestre Gacumbitsi, meya wa komuni ya Rusumo. Katika komuni hiyo ndimo ilimo parokia ya Nyarubuye, ambako katikati ya Aprili maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo kanisani. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Gacumbitsi kifungo cha miaka 30 mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikaifanya hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha.

Linalotisha katika habari ya Nyarubuye si idadi peke yake. Waliouawa na baadhi ya wauaji walikuwa wameswali pamoja. Magoti yale yale yaliyopigwa mbele ya altare ndiyo yaliyobeba miili iliyoshika mapanga. Swali linalozuka hapo ni kongwe kuliko Rwanda, wala halihusu dini moja tu: je, ibada na tafakuri humfanya nini mtu katika hasira yake, wivu wake na hofu yake? Je, moyo uliozoea kimya huwa umekomaa, au umezoea kimya tu?

Swali hili lina haja ya kuulizwa leo kwa sababu utulivu umekuwa bidhaa. Tangu Jon Kabat-Zinn, aliyewahi kufunzwa Zen, aanzishe kliniki yake katika chuo cha tiba cha Massachusetts mwaka 1979, kuketi na kuitazama pumzi kumetoka hekaluni kukaingia hospitalini, kutoka hospitalini kukaingia ofisini, na sasa kumo ndani ya simu za mkononi. Mtu wa Dar es Salaam aliyekwama katika foleni ya magari anaweza kufundishwa pumzi na sauti isiyo na mwenyewe. Hakuna ubaya. Ila wauzao utulivu huo hulitaja jina la Zen kana kwamba Zen yenyewe haikuwahi kuutilia shaka, ilhali historia yake ni historia ya shaka hiyo hiyo.

Mwaka 1223 kijana wa Kijapani aitwaye Dogen, mtawa wa miaka ishirini na kitu, alifika China kwa merikebu akitafuta mwalimu. Kabla hajashuka, chombo kingali bandarini, alipanda mzee mmoja wa miaka 61 kuja kununua uyoga. Alikuwa mpishi wa hekalu lililokuwa mwendo wa mbali, na alikuja kwa miguu. Dogen akampenda, akamkirimu chai, akamsihi alale pale merikebuni. Mzee akakataa, kesho watawa watakula nini? Kijana akamuuliza kwa nini mtu wa umri wake asikae kutafakari na kusoma badala ya kuhangaika na vyungu. Mzee akacheka sana, akamwambia kwamba bado hajajua kusoma ni nini wala kujitahidi ni nini. Dogen alirudi Japani mwaka 1227, akawa mwasisi wa madhehebu ya Soto, na mwaka 1237 akaandika risala nzima juu ya kazi ya mpishi: namna ya kuosha mchele, namna ya kutolidharau jani lililonyauka, namna ya kutobadilika uso kwa sababu chakula ni duni au mlaji ni mnyonge. Mtu huyo aliyefundisha kuketi tu, bila kutafuta chochote, kuliko pengine mwalimu yeyote wa Japani, aliona kwamba mtihani wa kuketi huko uko jikoni.

Karne tano baadaye alitokea Hakuin, aliyezaliwa 1686 na kufa 1769. Huyu alipopata mwamko wake wa kwanza, naye ni kijana wa miaka ishirini na kitu, alivimba kichwa. Aliamini kwamba kwa miaka mia tatu hapakuwa na mtu aliyeona alichokiona. Akampelekea habari hizo mzee mmoja aliyejitenga milimani, Shoju Rojin. Mzee alimsikiliza, akamvuta pua, akampiga, akamsukuma kutoka barazani akaanguka chini kwenye tope, na kila alipomwona baada ya hapo alimwita shetani wa shimoni. Hakuin alikaa naye miezi kadhaa. Baadaye akapatwa na maradhi ambayo watawa wenyewe waliyaita maradhi ya Zen: kifua kikiwaka moto, miguu ikiwa baridi kama barafu, masikio yakivuma, roho imejaa woga. Aliyaandika hayo yote uzeeni bila haya, na hapo ndipo ulipo ukubwa wake. Hakudai kwamba kuketi kulimwokoa na nafsi yake. Alisema kwamba kuketi kupita kiasi kulikaribia kumwangamiza.

Walipokosekana watu wa kurudi, mambo yaliharibika. Katika vita vya Japani vya nusu ya kwanza ya karne ya 20, walimu wakubwa wa Zen waliyabariki majeshi, na utulivu wa mtawa ukafundishwa askari ili asisite kuua wala kufa. Madhehebu ya Soto yaliomba radhi mwaka 1992. Hekalu kuu la Myoshin-ji, la madhehebu ya Rinzai, likafanya hivyo mwaka 2001, baada ya kitabu cha Brian Victoria, ambaye mwenyewe ni mtawa wa Soto, kuyafichua mengi mwaka 1997. Marekani nako, ambako Zen iliingia kwa nguvu miaka ya 1960, mwaka 1983 vituo viwili vikubwa, cha San Francisco na cha Los Angeles, vilitikiswa katika mwaka mmoja na mienendo ya walimu wao: mahusiano na wanafunzi, ulevi, matumizi ya fedha. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia John Welwood, naye mfuasi wa njia ya Buddha, alilipa jina jambo aliloliona kwa wenzake na kwa nafsi yake: kuikimbilia roho ili kuyakwepa majeraha ya moyo. Mtu hutafuta amani ya mbinguni kwa kuwa hajui kuzungumza na mkewe.

Kiswahili kina neno ambalo lugha ya wanasaikolojia inalizunguka tu: utu uzima. Mzima ni mwenye afya, na mzima ni kamili asiyepungua, na mtu mzima ni aliyevuka utoto. Mtu wa miaka hamsini anaporusha maneno sokoni, huambiwa, "Nawe mtu mzima!" Maana yake miaka ameipata, uzima bado. Na tazama ni nani anayesema. Si yeye mwenyewe. Utulivu mtu hujijua nao. Utu uzima hushuhudiwa na wenziwe.

Wahenga wa pwani waliijua tofauti hii. Masufi waliofundisha katika misikiti ya Lamu, Unguja na Barawa waliisoma ramani ya nafsi katika Qurani: nafsi iamrishayo maovu katika sura ya Yusuf, nafsi ijilaumuyo katika sura ya Al-Qiyama, nafsi iliyotulia katika sura ya Al-Fajr. Utulivu umewekwa mwisho wa njia, na katikati yake kuna lawama. Hapana mkato. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa karne mbili hivi zilizopita, imejengwa juu ya daraja hiyo ya kati: mshairi anausemesha moyo wake kama mtu wa pili, anaukaripia, anauonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka. Wapenzi wa utenzi huu aghalabu huyatazama magofu, nayo ni ya kutazamwa; lakini lenye uzito zaidi ni kwamba mtu yu peke yake na hajihurumii.

Hata hivyo pwani nayo isijitakase. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeieneza Qadiriya hadi Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash, na ambaye dhikri yake ilifika mbali bara, aliuawa Biyoley, kusini mwa Somalia, Aprili 1909. Waliomuua hawakuwa makafiri wala Wazungu. Walikuwa wafuasi wa Sayyid Mohamed Abdille Hassan, watu wa tarika ya Salihiya, wenye uradi wao na mikesha yao. Kabla ya mikuki yalitangulia mashairi ya kushutumiana. Wale wanaoamini kwamba ushairi hulainisha moyo wana haja ya kulikumbuka hilo pia.

Sasa turudi bara, kwa kuwa jirani na Ngara kuna watu walioufanya utu uzima kuwa cheo. Burundi, na nchi ya Bugufi, iliyo sehemu ya Ngara ya leo, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya kuingizwa Tanganyika. Katika ufalme huo kila kilima kilikuwa na wazee waitwao abashingantahe, jina litokalo na intahe, fimbo waliyoigonga chini walipokata shauri. Mtu hakuzaliwa mushingantahe, wala hakujitangaza. Aliangaliwa kwa miaka: je, hukasirika upesi? Akinywa hulewa? Siri huiweka? Humhukumu nduguye sawa na mgeni? Akionekana anafaa, aliapishwa hadharani mbele ya majirani wale wale waliomchunguza. Hakuna aliyemuuliza ameona nini akiwa peke yake usiku.

Ingefaa kusema kwamba desturi hiyo iliiokoa Burundi, lakini haikuiokoa. Utawala wa Wabelgiji uliinyang'anya mamlaka, serikali zilizofuata zikaifanya chombo cha chama, na mauaji ya 1972 na 1993 yalipita juu yake. Ndiyo maana Warundi nao walikuwamo katika kambi za Ngara. Pengine la kujifunza ni dogo zaidi: shahidi akishateuliwa na mtawala, ushahidi wake juu ya moyo wa mtu hauna thamani tena.

Miongoni mwa walimu wa Zen wa zama zetu, aliyelitambua jambo hili kwa uzito ni mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyezaliwa 1926 na kufariki 2022. Hakulijua kwa vitabu. Katika miaka ya 1960, vita vikiwaka, alianzisha skuli ya vijana waliokwenda vijijini kujenga upya nyumba zilizopigwa mabomu na kuwahudumia wakimbizi, na baadhi yao waliuawa. Mwaka 1974, akiwa uhamishoni Ufaransa, alimwandikia mmoja wa viongozi wa skuli hiyo barua ndefu, ambayo baadaye ilikuwa kitabu kilichosomwa duniani kote. Wasomaji wengi wa kitabu hicho, waliokifungua katika sebule zao za Ulaya na Marekani, walikipenda kwa sababu kinafundisha kuosha vyombo kwa utulivu. Wachache hukumbuka kwamba kiliandikiwa watu ambao mchana walikuwa wakizika wenzao, na ambao hatari yao kubwa haikuwa uchovu bali chuki.

Kwake hasira haikuwa vumbi la kupulizwa ili kimya kirudi. Alifundisha ipokewe kama mama anavyompokea mtoto anayelia: kwanza abebwe, kisha itafutwe sababu. Naye hakuiacha kazi hiyo kwa mtu mmoja. Katika jumuiya aliyoianzisha kusini magharibi mwa Ufaransa mwaka 1982, ijulikanayo kama Plum Village, watawa na walei, waume na wake, walipewa mkataba wa maandishi wa kutia saini, na masharti yake ni ya kawaida kabisa. Aliyekasirika asiseme wala asitende lolote litakaloongeza madhara. Aitazame pumzi yake. Asijifanye kwamba hakuumia. Kabla ya kupita saa 24 amjulishe aliyemkasirisha kwamba ana uchungu, kwa mdomo au kwa kijikaratasi, na amwombe wakutane siku ya mbele yake, Ijumaa jioni kwa mfano, walizungumze. Aliyeambiwa naye asijitetee papo hapo. Aketi, apumue, atazame sehemu yake katika kosa, na akiliona aombe radhi bila kungoja hiyo Ijumaa.