Namba Tasa: Historia ya Istilahi Moja

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania mwaka 1967, hesabu ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyohitaji istilahi. Baadhi, kama shufwa na witiri, zina asili ya Kiarabu. Lakini kwa namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, Kiswahili hakikufuata Kiarabu, ambacho, kama Kiyunani cha Euclid yapata mwaka 300 K.K., huiita namba ya "kwanza". Sisi twasema namba tasa.

Sitiari yenyewe yaeleweka. Mchuuzi wa Kirumba, Mwanza, mwenye sato 15 aweza kuwapanga mafungu 3 au 5 yaliyo sawa. Mwenye sato 13 hana njia ya namna hiyo: 13 haizai mafungu.

Hata hivyo, neno hili lina uzito wake. Kisiwani Ukerewe, katika ziwa hilo hilo, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Bugonoka anasimangwa na ndugu za mumewe kwa kutozaa, wazazi wake wanamrudisha kwao, na mwishowe anazaa watoto wawili. Aliyehukumiwa kuwa tasa hakuwa tasa.

Hesabu nayo yatoa ushahidi kama huo. Vigawo tasa vya 15 ni 3 na 5, na wastani wake ni 4. Vya 20 ni 2, 2 na 5. Wastani ni 3. Tukiziacha namba tasa zenyewe, na kuzipanga zile ambazo wastani wa vigawo vyake tasa ni namba kamili, twapata mfuatano huu: 4, 8, 9, 15, 16, 20, 21, 25, na kuendelea. Kila zao la namba tasa mbili zilizo witiri limo, kwa kuwa jumla ya witiri mbili ni shufwa, nayo hugawanyika kwa 2. Mfuatano wote huu umezaliwa na namba tuziitazo tasa.

Je, istilahi ibadilishwe? Hatushauri hivyo, maana imekwisha kuzoeleka vitabuni na madarasani. Twawaomba walimu na wafasiri waifafanue kwa ukamilifu: namba tasa haikuzaliwa na namba nyingine, bali nyingine ndizo zinazozaliwa nayo.