Matanga: Siku Zifuatazo Maziko

Katika lugha ya Kiswahili, mtu akifa, aliyebaki husemwa kwamba amefiwa. Kitenzi ni kile kile cha kufa, lakini umbo lake limegeuzwa limwelekee aliye hai: mauti yamempata yeye. Tena salamu ya pwani apewayo mfiwa ni neno moja tu, "Makiwa!", nalo ni la shina moja na ukiwa, yaani hali ya kuachwa peke yake. Basi lugha yenyewe yatuonyesha ugonjwa ulioingia katika nyumba ya msiba. Si huzuni tu, bali ni upweke. Twataka kutazama hapa jinsi watu wa pwani walivyoutibu upweke huo baada ya maziko, na jinsi nchi nyingine iliyoacha kukaa na wafiwa ilivyolazimika kuitafuta tena dawa hiyo.

Kwa desturi ya Kiislamu maiti huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile. Kwa hiyo maziko ni kazi ya saa chache, lakini matanga ni kazi ya siku tatu au zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903, aliziweka habari za maziko na matanga pamoja na habari za kuzaliwa na ndoa, kwa kuwa alijua ya kwamba zote ni nguzo za nyumba moja.

Na tuyatazame maneno. Matanga hukaliwa, kisha huanuliwa. Kuanua ni kukiondoa kitu kilichoanikwa, kama nguo juani. Basi msiba una siku ya kutandazwa na siku ya kukunjwa, na watu wote waijua. Katikati ya siku hizo mbili kazi ni tatu. Kwanza, majirani hupika na kupeleka chakula, maana nyumba ya msiba haina moyo wa kuwasha moto. Waislamu hukumbuka ya kwamba Mtume aliagiza jamaa ya Jaafar bin Abi Talib wapikiwe chakula, alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629. Pili, jamaa huja kulala pale pale, hata mjane asiamke usiku akakuta mkeka mtupu. Tatu, kila mtu hutoa ubani, yaani fedha kidogo za kusaidia gharama. Mwisho husomwa hitima, na matanga huanuliwa. Lakini mjane bado yumo katika eda, miezi minne na siku kumi, na jamaa hujua ya kuwa hajarudi katika maisha ya siku zote.

Hatusemi ya kwamba matanga hayakuwa na kasoro. Mara nyingi chakula kiligeuka njia: badala ya kuja kwa wafiwa kilitoka kwao, na wageni wakala mali ya yatima. Jambo hilo masheikh wamelikemea, na mapadre vile vile. Bara, penye pombe na kumtafuta mchawi, wako wamisionari waliokataza matanga yote. Twaelewa sababu yao, lakini twaona ya kuwa walitupa ngano pamoja na makapi. Mkristo mpya alizikwa kwa sala njema, kisha mjane wake akarudi katika nyumba isiyo na mtu.

Wala haikuwa hivyo katika Maandiko. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku pasipo kusema neno, wala hawakukosa mpaka walipoanza kuhojiana naye. Bwana wetu alipofika Bethania siku ya nne, alikuta watu wengi nyumbani kwa Martha na Mariamu. Ambrosio, askofu wa Milano, alipomhubiria Kaisari Theodosio mwaka 395, alihubiri siku ya arobaini, na mwenyewe alitaja ya kwamba wengine hushika siku ya tatu na ya thelathini, na wengine ya saba na ya arobaini. Basi Kanisa la kale nalo lilihesabu siku.

Sasa na tuitazame Marekani. Katika vita vya 1861 hata 1865 askari wengi walikufa mbali na kwao, na mafundi wakaanza kuzitia maiti dawa zisioze ili zisafirishwe. Mwaka 1865 mwili wa Rais Lincoln ulitiwa dawa hiyo, ukachukuliwa kwa gari la moshi kutoka Washington hata Springfield, na watu wengi mno wakauona. Ufundi huo ukaenea, na mwaka 1882 wenye kazi hiyo wakaunda chama chao cha nchi nzima. Polepole maiti ikatoka sebuleni mwa jamaa, ikaingia katika nyumba ya maziko ya fundi. Kazi ilikuwa safi na ya heshima, lakini ilikoma kaburini.

Mwaka 1942 moto uliteketeza nyumba ya starehe mjini Boston, wakafa watu 492. Daktari Erich Lindemann aliwatazama wafiwa, na mwaka 1944 akaandika ya kwamba huzuni ina dalili zake, na ya kwamba ni kazi ambayo mtu hana budi kuifanya. Katika mji huo huo, mwaka 1967, Phyllis Silverman alianzisha mpango wa wajane waliokwisha kupita katika msiba kuwatembelea wajane wapya. Baadaye nyumba nyingi za maziko zilianza kuwaandikia wafiwa barua, kuwakutanisha, na kufanya ibada za kumbukumbu. Yaani walijifunza tena kukaa matanga.

Haya yatuhusu, kwa maana katika miji yetu nako yako makampuni ya mazishi, na jamaa wametawanyika. Vyama vya kufa na kuzikana vyasaidia sana, lakini fedha haikai na mtu usiku. Basi twawasihi ndugu zetu walimu na mapadre: siku ya maziko, kiandikeni katika daftari si jina la marehemu tu, bali na la mjane wake, pamoja na siku ya arobaini na ya mwaka. Angalieni chakula kiingie katika nyumba ya msiba, kisitolewe humo. Mtafuteni mjane wa zamani amwendee mjane mpya. Na zaidi ya yote, nendeni ninyi wenyewe kesho yake baada ya matanga kuanuliwa, wageni wakiisha kuondoka na mikeka kukunjwa. Siku hiyo ndiyo ukiwa huingia ndani na kuketi.