Shilingi ya Msomaji: Magazeti ya Kampala Kutoka Karatasi Hadi Simu

Tunaposoma kuhusu magazeti yanayopanga upya chumba cha habari ili taarifa itoke kwanza mtandaoni na karatasini baadaye, mara nyingi tunaelezwa habari za simu, kamera na programu. Katika insha hii nataka kulitazama suala hilo kwa historia ya Kampala, na hoja yangu inahusu fedha. Gazeti la binafsi mjini hapa lililindwa kwa miaka mingi na shilingi ya msomaji aliyelinunua barabarani. Mpangilio mpya umeihamisha shilingi hiyo kabla gazeti halijapata kitu cha kuziba pengo lake.

Chumba cha habari cha karatasi kiliendeshwa na saa ya mtambo wa kuchapa. Asubuhi palikuwa na kikao cha kugawana kazi. Waandishi wakatawanyika: huyu Bungeni, yule mahakamani, mwingine polisi. Jioni walirudi kuandika. Mhariri wa dawati alisoma, mhariri msaidizi akasahihisha lugha na kutunga vichwa, msanifu akapanga ukurasa, na mhariri wa zamu akauidhinisha. Saa ya mwisho iliwekwa na barabara kuliko mtu yeyote ofisini. Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na gari la magazeti la huko haliwezi kumsubiri mwandishi anayetafuta neno zuri. Kwa hiyo habari ya usiku mwingi iliweza kumfikia mnunuzi wa Wandegeya na kumkosa yule wa Arua.

Utaratibu huo ulidumu hata serikali zilipobadilika. Uganda Argus, lililoanzishwa mwaka 1955, lilifanywa Voice of Uganda chini ya Idi Amin, likawa Uganda Times baada ya 1979, na mwaka 1986 serikali ya NRM ikaanzisha New Vision, mhariri wake akiwa William Pike. Jina la juu ya ukurasa lilikwenda na rais. Saa ya mtambo ilibaki palepale.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha The Monitor. Mwezi Julai 1992 kundi dogo la waandishi waliotoka Weekly Topic, miongoni mwao Wafula Oguttu, Charles Onyango-Obbo na Kevin Ogen Aliro, walianzisha gazeti lao wenyewe. Mwaka uliofuata serikali iliamua kutolipa tena matangazo katika gazeti hilo, na marufuku hiyo ikaendelea hadi 1997. Ni lazima tuelewe uzito wake. Katika nchi ambayo zabuni, nafasi za kazi na ilani nyingi hutoka wizarani na kwenye mashirika ya umma, gazeti changa linalonyimwa matangazo hayo ni kama shamba lililofungiwa mto. Kampuni za binafsi nazo zilikuwa chache wakati huo, na baadhi zingesita kuonekana katika gazeti lisilopendwa na wakubwa.

Hata hivyo halikufa. Liliishi kwa mauzo ya nakala. Mchuuzi aliuza barabarani, akachukua sehemu yake, na fedha iliyobaki ikarudi ofisini siku ileile kulipia karatasi, wino na mishahara. Hakuna wizara iliyosimama kati ya mnunuzi na mwandishi. Naamini miaka hiyo minne ndiyo shule kubwa ya uandishi huru nchini Uganda, kubwa kuliko kozi tunazofundishwa darasani (walimu wangu watanisamehe).

Mwaka 2000 kampuni ya Nation Media Group ya Nairobi ilinunua sehemu kubwa ya hisa. Matangazo ya serikali yalikuwa yamerudi, lakini mkono wa dola haukwenda mbali. Oktoba 2002 polisi walilifunga gazeti kwa takriban siku kumi kwa sababu ya habari kuhusu helikopta ya jeshi kaskazini mwa nchi. Tarehe 20 Mei 2013 walikuja tena Namuwongo, wakiitafuta barua ya Jenerali David Sejusa iliyohusu madai ya mpango wa Muhoozi Kainerugaba kumrithi baba yake. Mtambo wa kuchapa ulizimwa, redio za KFM na Dembe FM zilizokuwa katika jengo hilohilo zikanyamazishwa, na Red Pepper nalo likafungwa. Ilichukua siku kumi kufungua. Ili kulizuia gazeti la karatasi, serikali ililazimika kupeleka askari wenye bunduki mchana kweupe, dunia ikitazama.

Wakati huo mageuzi ya kidijitali yalikuwa yamekwisha kuanza kwingine. The Guardian la London lilianza kutanguliza baadhi ya habari mtandaoni mwaka 2006. Mei 2014 ripoti ya ndani ya New York Times ilivuja, ikilalamika kwamba ofisi nzima bado ilizunguka ukurasa wa kwanza wa karatasi. Nairobi, Nation Media Group ilizindua tovuti ya Nation.Africa Agosti 2020, na mwanzoni mwa 2021 ikaanza kuwatoza wasomaji. Mwaka huohuo wa 2020 korona ilikuwa imefika. Rais Museveni alisimamisha usafiri wa umma mwezi Machi, na watu waliozoea kununua gazeti kwenye stendi za teksi wakabaki nyumbani.

Leo mwandishi wa Kampala anayetumwa mahakamani hutakiwa kutuma aya chache kwa simu hukumu inaposomwa, kisha picha, kisha video fupi, na jioni ndipo aandike uchambuzi wa gazeti la kesho. Vision Group, yenye magazeti, redio na televisheni, inaweza kuitumia habari moja kwa njia zote hizo. Faida ipo, siikatai: msomaji wa Arua sasa anapata habari dakika moja na wa Wandegeya. Hasara yake ya kwanza ni jicho la pili. Mhariri msaidizi aliyekuwa na saa tatu kabla ya mtambo kuanza sasa ana dakika tatu, kama bado ana kazi.

Lakini narudi kwenye shilingi. Msomaji wa simu bado analipa, ila analipa wengine. Ananunua bando kwa kampuni ya simu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 alitakiwa pia kulipa serikali shilingi 200 kwa siku ili afungue Facebook au WhatsApp, mahali ambapo wengi hukutana na habari. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Watangazaji nao wanapeleka fedha zao Google na Facebook. Gazeti lililotanguliza mtandao linajikuta likimtegemea tena mtangazaji mkubwa wa ndani, yaani serikali. Machi 2023 Rais aliagiza wizara na idara za serikali zipeleke matangazo yao UBC. Mwaka 1993 amri kama hiyo ilikutana na wasomaji wenye sarafu mkononi. Safari hii sarafu ilikuwa imekwisha kwenda kwenye bando.

Na kuzuia habari kumekuwa rahisi. Januari 2021, jioni ya siku moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapakuhitajika askari Namuwongo. Wiki hiyo magazeti ya karatasi yaliendelea kuchapwa, na aliyetaka kusoma alirudi kwa mchuuzi. Tanzania nayo ilitoa mfano Oktoba 2024: mamlaka ya mawasiliano ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni tanzu ya Nation Media Group, kwa sababu ya katuni ya video iliyogusia watu waliopotea. Mtambo wa karatasi haukuguswa.

Kuna wanaosema malipo madogo kwa simu yatairudisha ile sarafu ya barabarani. Huduma ya fedha kwa simu iko Uganda tangu 2009, na mama muuza ndizi anaijua kuliko benki. Lakini Julai 2018 serikali iliitoza nayo asilimia 1 ya kila muamala, kisha ikapunguza hadi asilimia 0.5 kwa anayetoa fedha. Kama jaribio lifanyike, mimi ningelianza na Bukedde, gazeti la Kiluganda la Vision Group lililoanza 1994, ambalo huuza nakala nyingi kuliko New Vision la kampuni hiyohiyo. Msomaji wake hununua nakala ya leo kwa fedha ya leo. Bei ya kusoma kwenye simu inapaswa kukadiriwa kwa mfuko wake, siku kwa siku, na mtambo wa usiku usiuzwe kama chuma chakavu kabla hajakubali kulipa.