Una Mtu Hapa?

Nilipomaliza kidato cha nne nilizunguka mjini na bahasha ya vyeti kwapani. Kila nilipobisha hodi, swali lilikuwa lile lile: "Una mtu hapa?" Sikuwa naye. Nikabaki kuwalaani wenye watu wao, hadi nilipokutana na kisa cha familia moja ya Italia. Ndipo nikajua kwamba nilikuwa nalaani kitu nisichokielewa.

Tuanze na madaraja. Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ulikuwa na madaraja 7 yaliyounganisha sehemu 4 za nchi kavu. Je, mtu aweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Mwaka 1735 mwanahisabati Leonhard Euler alijibu: haiwezekani. Hakupima urefu wa daraja wala upana wa mto. Aliangalia tu kipi kimeungana na kipi. Hapo ndipo ilipoanzia nadharia ya grafu: vitone na mistari, basi. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1934, Jacob Moreno alichapisha kitabu chenye michoro ya aina hiyo, ila vitone vyake vilikuwa watu.

Sasa twende Florence. Katika hesabu ya kodi ya mwaka 1427, tajiri wa kwanza wa mji alikuwa Palla Strozzi. Familia ya Medici nayo ilikuwa na benki yake, chini ya Cosimo. Mwaka 1433 Rinaldo degli Albizzi, kiongozi wa familia za kale, alimkamatisha Cosimo na kumfukuza mjini. Mwaka haukupita vizuri, Septemba 1434, serikali mpya ikataka kumrudisha. Rinaldo akawaita wenzake waje na silaha. Wapo waliokuja, wapo waliositasita, na Palla hakumpa msaada alioutegemea. Cosimo akarudi. Rinaldo akafukuzwa, na Palla naye akafuata.

Kulikoni? Mwaka 1993 wasomi wawili wa Marekani, John Padgett na Christopher Ansell, walichora mistari ya familia hizo: nani kaoana na nani, nani kafanya biashara na nani. Familia za kale zilikuwa zimeoana zenyewe kwa zenyewe. Kila mmoja shemeji wa kila mmoja, wote wakubwa, hakuna wa kumwamuru mwenzake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Medici wao walioana na wakubwa wa mitaa mingine, halafu biashara wakafanya na matajiri wapya wa mtaa wao. Makundi hayo mawili hayakuchangamana. Aliyetaka kumfikia mwingine ilimlazimu apitie kwa Medici. Chukua mchoro wa ndoa za familia 16 unaotumika sana madarasani. Mstari pekee wa Acciaiuoli unakwenda kwa Medici. Pazzi wameshikana na Salviati tu, na Salviati wanatokea kwa Medici. Futa kitone cha Medici, na hao wote wamekatika na mji kama kisiwa.

Tena wasomi hao wanasema Cosimo hakuyapanga hayo tangu mwanzo. Mistari ilijichora polepole, kwa ndoa na kwa chuki za mitaani, naye akaja kugundua amesimama wapi.

Sisi tunaoota kuandika riwaya tuna kosa moja. Tunamweleza mhusika pua yake, shati lake, mwendo wake, halafu tunashangaa kwa nini hadithi haisogei. Hatujajiuliza ni nani hawezi kumfikia nani bila kupitia kwake.

Basi juzi nilichukua daftari nikajichora mwenyewe. Vitone 9. Vinane ni washikaji wa maskani, na wote tunajuana. Habari ya kibarua ikimfikia mmoja, kabla ya chai wote tunayo, na wote tunakimbilia mlango ule ule. Kumbe nimekaa kama wale wakubwa wa Florence, ila bila hela zao! Kitone cha tisa ni shangazi yangu anayeuza vitenge upande wa pili wa mji. Anajua watu nisiowajua kabisa. Tangu mwaka juzi sijakanyaga kwake, hata kumjulia hali.

Jumamosi nakwenda. Na safari hii bahasha naiacha nyumbani.