Nchi Kama Jina la Mtu: Nafasi ya Historia katika Usomaji wa Majina

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, majina ya wahusika yameshughulikiwa zaidi kwa misingi ya maana. Mhakiki huuliza jina lina maana gani, kisha huilinganisha maana hiyo na tabia ya mhusika. Njia hii ina manufaa, hasa pale ambapo mwandishi ametumia majazi kwa makusudi. Hata hivyo, ina kasoro moja kubwa: hulichukulia jina kana kwamba halina historia. Makala haya yanakusudia kuidhihirisha kasoro hiyo kwa kuchunguza kundi dogo la majina, yaani majina ya nchi na mabara yanapopewa watu. Hoja yetu ni kwamba jina la aina hii halifasiriki kabla ya kuuliza ni nani aliyelitoa, alimpa nani, na wakati gani.

Mfanano Usio na Udugu

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliwahi kuniletea sura ya tasnifu ambamo mhusika aitwaye Asia alifasiriwa kuwa ishara ya uhusiano wa pwani yetu na Bara Hindi. Hoja ilijengwa kwa bidii, lakini ilisimama juu ya mchanga. Asia wa Waswahili hakutoka kwenye ramani. Jina lake ni Asiya, mkewe Firauni, ambaye mapokeo ya Kiislamu yanamtaja kuwa mlezi wa Musa na mmoja wa wanawake bora. Jina la bara, kwa upande mwingine, limetufikia kutoka kwa Wayunani. Mawili haya yamekutana katika tahajia tu. Vivyo hivyo, mzazi Mkristo anayemwita mwanawe Israel aghalabu humkumbuka Yakobo wa kitabu cha Mwanzo, wala si dola iliyoundwa mwaka 1948. Swali la kwanza la mhakiki basi ni kama jina hilo ni la nchi kweli.

Jina la Mshindi

Palipo na uhusiano wa kweli na nchi au bara, hutulazimu kuuliza swali la mamlaka. Jemadari Mrumi Publius Cornelius Scipio alipomshinda Hannibal huko Zama mwaka 202 K.K., alipata lakabu ya Africanus. Africa ya wakati huo ilikuwa eneo la Karthago na jirani zake, na lakabu ilitangaza kwamba eneo hilo limeshindwa. Karne nyingi baadaye, katika uwanja wa kanisa la Henbury, karibu na mji wa Bristol nchini Uingereza, alizikwa kijana Mwafrika aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya mwinyi mmoja. Alifariki tarehe 21 Desemba 1720, akiwa na umri wa miaka 18. Jina lililochongwa kaburini ni Scipio Africanus. Bristol wakati huo ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Kijana huyo alibebeshwa jina la mtu aliyesifiwa kwa kuishinda Afrika, na jina alilopewa na wazazi wake halimo kaburini. Mhakiki atakayesema kwamba Africanus ni "mtu wa Afrika" atakuwa amepata maana ya neno na kuikosa dhuluma iliyomo ndani yake.

Jina la Kujitwalia

Miongoni mwa Wamarekani weusi wa miaka ya 1960 na 1970 tunaona mwelekeo tofauti. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mapambano ya Mau Mau yalikuwa yamesifiwa hadharani na Malcolm X. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sherehe ambayo misingi yake saba hutajwa kwa maneno ya Kiswahili. Katika mazingira hayo, jina Kenya lilianza kupewa watoto wa kike na wa kiume. Wazee wao walikuwa wamepokonywa majina. Wao sasa waliwachagulia watoto wao.

Lakini jina Kenya lenyewe lilikuwa na safari yake. Mmisionari Krapf, aliyeuona mlima huo mwaka 1849, aliliandika jina lake kwa kufuata matamshi ya Wakamba. Wakikuyu wakiuita Kirinyaga. Ni serikali ya kikoloni iliyolifanya kuwa jina la koloni mwaka 1920. Wenyeji walilipokea kutoka kwa mtawala, wakalipigania, wakalifanya lao. Mtoto wa Marekani aliyeitwa Kenya alirithi neno lililokwisha kukombolewa.

Jina la mtu pia laweza kuishi kuliko nchi. Kongo iliitwa Zaire kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Ramani zimebadilishwa, ilhali wapo Wamarekani waitwao Zaire hadi leo.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la nchi au bara laweza kuwa mfanano mtupu, muhuri wa mshindi, au tamko la anayejikomboa. Kamusi peke yake haiwezi kututenganishia hali hizi tatu. Mhakiki anayeipuuza historia ya utoaji wa jina huenda akamwona mtumwa na mtu huru kuwa kitu kimoja, kwa sababu tu wote wawili wamebeba jina la pahali. Kosa hilo haliishii katika mbinu za uhakiki. Ni kuendeleza, pasipo kujua, kazi ya yule aliyelifuta jina la kijana wa Henbury.