Deni la kabla ya 1999 ndani ya kikokotoo

Tumchukue mwalimu aliyeajiriwa Julai 1994 wilayani Bariadi, wakati huo ikiwa sehemu ya Shinyanga, miaka mingi kabla mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012. Anastaafu Julai 2024 akiwa na miezi 360 ya utumishi na mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, cha zamani cha PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, angelipwa mkupuo wa shilingi milioni 62 na pensheni ya shilingi 333,000 hivi kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha sasa analipwa mkupuo wa milioni 37.2, na pensheni ya shilingi 372,000. Ili nyongeza hiyo ya 39,000 kwa mwezi ifidie karibu milioni 25 zilizopungua, itabidi aishi zaidi ya miaka 50 baada ya kustaafu.

Upungufu huo una mzizi wa zamani. Tangu ukoloni, chini ya sheria ya pensheni ya mwaka 1954, mtumishi wa umma wa masharti ya kudumu hakukatwa kitu. Hazina ndiyo iliyomlipa alipostaafu. Utaratibu huo ulibadilika Julai 1999 PSPF ilipoanza, mtumishi akichangia asilimia 5 na serikali asilimia 15. Miaka ya nyuma ya watumishi haikufutwa, na ilikuwa haki isifutwe. Ila mfuko ulibebeshwa wajibu wa kuilipia bila kukabidhiwa fedha zake. Miaka mitano ya kwanza ya mwalimu wetu imo humo. Serikali ilikubali kwamba deni ni lake, lakini malipo yalisuasua, na wastaafu wakawa wanalipwa kwa michango ya walio kazini.

Agosti 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Kanuni zilizofuata zilishusha sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo, kwa waliokuwa PSPF, kutoka asilimia 50 hadi 25, na hapo ndipo kelele zilipoanzia. Desemba 28 mwaka huohuo Rais Magufuli alikutana Ikulu na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Juni 2024 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, aliliambia Bunge kuwa waliokuwa kwenye 50 watapata 40.

Mjadala wote ukawa wa asilimia. Namba nyingine mbili zilipita kimyakimya: kigawanyo cha miezi ya utumishi kilichotoka 540 kwenda 580, na kizidishio cha mkupuo kilichoshuka kutoka 15.5 hadi 12.5. Humo ndimo fedha nyingi zilimopotelea. Hata asilimia 50 ikirudishwa leo, mwalimu wetu atapata milioni 46.5, si 62. Chama cha wafanyakazi kinachodai asilimia peke yake kinadai nusu ya haki.

Bariadi mkupuo ndio mtaji. Uchumi wa hapa ni pamba na ng'ombe. Mstaafu anaezeka nyumba, ananunua maksai na plau, au anafungua duka la pembejeo. Pensheni ya mwezi inanunua unga na dawa, haijengi. Wanaosema mkupuo mkubwa huisha upesi wanasema kweli kwa baadhi ya watu, na pensheni ya kila mwezi imewaokoa wajane wengi. Lakini hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama kilichopunguzwa kwenye mkupuo kingehamia chote kwenye pensheni. Hakikuhamia.

Kuhusu deni lenyewe, mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliupa mfuko hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kwa ajili ya deni la kabla ya 1999. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa haikulimaliza deni lote. Mageuzi yanayofuata yaanzie hapo: salio lilipwe kwa ratiba inayojulikana, tathmini ya uhai wa mfuko itangazwe kwa Kiswahili hadi kwenye halmashauri za Maswa, Meatu, Itilima na Busega, kisha kigawanyo na kizidishio virudishwe mezani pamoja na asilimia.